Plagi ya Boti Ikipata Moto, Breka Haitakuambia

Msimu wa kusi unapoingia, boti nyingi za kitalii na za uvuvi wa mbali zinazofanya kazi Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa hupumzishwa ndani ya hori mpaka bahari itulie. Zile zinazofungwa gatini mara nyingi huachwa zimechomekwa kwenye stima ya nchi kavu, ili chaja ijaze betri, pampu ya kutoa maji isikose nguvu na friza ya chambo isizime. Mwenye boti anarudi nyumbani, mlinzi anapita jioni. Stima nayo inapita kwenye kebo usiku na mchana kwa wiki kadhaa, bila mtu hata mmoja kuigusa plagi.

Somo la toleo hili linahusu plagi hiyo. Tunajua kwamba wavuvi wengi wa kaunti yetu wana mashua zisizo na waya hata mmoja, na hao wanaweza kusoma kwa ajili ya jirani. Lakini boti zenye friza, chaja kubwa na majiko ya stima zinaongezeka, na kuna mikahawa inayoelea inayotumia stima ya gati kila siku. Mambo yaliyoelezwa hapa yanafaa pia kwa mwenye duka la samaki ambaye friza yake imechomekwa hatua chache kutoka baharini, maana hewa ya chumvi haichagui.

Fundi mmoja wa umeme wa boti alituonyesha plagi aliyoitoa kwenye boti ya uvuvi. Pini moja ilikuwa nyeusi, na plastiki iliyoizunguka ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama nta ya mshumaa. Nahodha wa boti hiyo alikuwa amesimama kando, haamini.

"Fundi, lakini breka haijaruka hata mara moja."

"Haitaruka, nahodha. Breka haijui kama plagi inaungua."

Jibu hilo linawashangaza wengi, na ndilo tunalotaka kulieleza kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa nini breka inanyamaza

Breka inahesabu kitu kimoja tu, yaani kiasi cha stima kinachopita kwenye waya, tunachokipima kwa ampea. Kikizidi kiwango chake, inakata. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ya kawaida ya nyumbani ina kazi hiyo hiyo. Sasa fikiria boti inayotumia ampea 10 kwenye laini yenye breka ya ampea 16. Hakuna kilichozidi. Breka imeridhika.

Tatizo liko mahali pini ya plagi inapogusana na soketi. Kwa macho tunaona chuma kimelala juu ya chuma, lakini kwa kweli nyuso hizo mbili zinagusana kwenye vidoa vidogo tu, na stima yote inapita hapo. Vidoa vikiwa visafi na vimebanwa vizuri, ukinzani wake ni mdogo mno. Vikiingia chumvi na kutu, au soketi ikilegea, ukinzani unapanda, na pale palipo na ukinzani stima inageuka kuwa joto.

Hesabu yake si ngumu: zidisha ampea kwa ampea, kisha zidisha kwa ukinzani. Kiungo kizuri chenye ukinzani wa omu 0.01 kikibeba ampea 10 kinatoa joto la wati 1. Huwezi hata kulihisi. Kiungo kibovu chenye omu 0.5 kikibeba ampea zile zile 10 kinatoa wati 50. Hilo ni joto la kile kifaa ambacho fundi wa redio hutumia kuyeyushia risasi, isipokuwa hapa kimefungiwa ndani ya kasha la plastiki na hakizimwi usiku kucha. Ndani ya boti hakuna anayegundua chochote. Kati ya voliti 240 zilizopotea ni 5, taa zinawaka, friza inanguruma.

Hesabu hiyo ina funzo jingine. Ukipunguza matumizi kutoka ampea 10 hadi 5, joto kwenye kiungo kile kile kibovu halipungui kwa nusu. Linashuka hadi robo, wati 12 na nusu. Na ukiongeza matumizi maradufu, joto linapanda mara nne. Ndiyo maana plagi iliyokaa salama mwaka mzima ikiendesha chaja peke yake inaweza kuyeyuka wiki ile ile mwenye boti anaponunua kipasha maji.

Wengine watasema gati lao lina kile kifaa cha kukata stima inapovuja. Kifaa hicho ni muhimu sana, na gati lolote lisilokuwa nacho ni hatari kwa maisha ya watu wanaoogelea na kufanya kazi majini. Lakini nacho kina kazi yake. Kinalinganisha stima inayokwenda na inayorudi, na pakiwa na upungufu kinakata. Kwenye plagi inayoungua, stima yote inayokwenda inarudi, kwa hiyo nacho kinakaa kimya. Huanza kuona tatizo pale plastiki inapokwisha kuungua na nyaya kugusana. Kufikia hapo moto umeshaanza.

Chumvi, skrubu na maji ya bamvua

Adui wa kwanza mnamjua. Ukungu wa maji ya chumvi unaingia kwenye soketi, unakauka, unaacha unga mweupe. Usiku unavuta unyevu wa hewa, na shaba inaanza kuota kutu ya kijani. Kutu hiyo inazuia stima. Kiungo kinapata joto, joto linaongeza kutu, kutu inaongeza joto. Halafu vile vibano vya chemchemi vilivyo ndani ya soketi, vinavyotakiwa kuikamata pini kwa nguvu, vikichemka mara kwa mara vinapoteza ugumu wake na kulegea. Kuanzia hapo hali haiwezi kujirekebisha yenyewe. Inazidi tu.

Adui wa pili ni skrubu. Ndani ya plagi kila waya umebanwa kwa skrubu, na boti haitulii: injini inatetemesha, mawimbi yanapiga, waya unapata joto mchana na kupoa usiku, unatanuka na kusinyaa. Taratibu skrubu inalegea. Kuna mafundi ambao, kwa nia njema, huziyeyushia risasi ncha za waya kabla ya kuzibana wakidhani zitashika zaidi. Haifai. Risasi ni laini, na ikikaa chini ya skrubu inasukumika polepole mpaka mbano unapotea. Njia nzuri ni kuvisha ncha kikofia cha shaba kinachobanwa kwa koleo lake maalumu, au kubana waya mtupu uliosokotwa vizuri, na kutumia kebo ya baharini ambayo nyuzi zake za shaba zimepakwa bati. Ukikata kebo ya kawaida iliyokaa gatini miaka miwili, mara nyingi utakuta shaba imekuwa nyeusi hata sehemu iliyo chini ya plastiki. Hapo skrubu haina kitu cha kushika isipokuwa kutu.

Adui wa tatu ni wetu wa pwani hii, na vitabu vya wageni havimtaji sana kwa sababu magati yao mengi yanaelea, yanapanda na kushuka pamoja na boti. Mengi ya kwetu ni ya nguzo na hayasogei. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa inaweza kupita mita 3. Boti iliyofungwa maji yakiwa yamejaa, kebo ikiwa imenyooka vizuri, saa sita baadaye imeshuka mita 3 na kebo inaning'inia kwa uzito wake na wa boti. Inaivuta plagi nje kidogo, pengine upana wa kucha tu. Stima inaendelea kupita, lakini sasa kupitia ncha za pini peke yake. Maji yakijaa tena kebo inalegea, na ukifika asubuhi unaona kila kitu kiko sawa. Kebo lazima iachiwe urefu wa kutosha kwa maji kupwa ya bamvua, ifungwe kwa kamba gatini na kwenye boti ili uzito uwe juu ya kamba na si juu ya plagi, tena isilale majini. Ukifunga boti wakati wa maji mafu, usisahau kwamba baada ya wiki moja maji yatakuwa mengine.

Plagi ya nyumbani haikuumbwa kwa ajili ya gati

Tuseme wazi. Plagi ya pini tatu za bapa tunayotumia majumbani, ya ampea 13, ni plagi nzuri sana mahali pake, na mahali pake ni ndani ya nyumba. Haina kizuizi cha maji na haina kishikio cha kuizuia isivutwe. Hata fyuzi yake watu huielewa vibaya: fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika.

Inayofaa gatini ni ile ya buluu ya mviringo yenye pini tatu za duara, ya ampea 16, yenye kifuniko cha chemchemi au pete ya kukazia. Tazama maandishi yake: IP44 inavumilia kurushiwa maji, IP67 inavumilia hata kuzama kwa muda mfupi. Lakini herufi hizo ni za kweli pale tu pete inapokazwa mpaka mwisho. Plagi ya IP67 iliyochomekwa bila kukaza pete ni plagi iliyo wazi kama nyingine yoyote.

Wageni wanaoingia hori zetu na boti zilizotengenezwa Marekani huja na mfumo tofauti, mara nyingi wa voliti 120 na plagi ya ampea 30 inayochomekwa kisha kuzungushwa. Boti ya aina hiyo haichomekwi kwenye voliti 240 kwa kutengeneza kiunganishi cha kienyeji, hata mwenye boti akisisitiza. Inahitaji transfoma inayofaa na fundi anayejua mifumo yote miwili.

Tukirudi kwenye zetu, tuhesabu mzigo. Gawanya wati za kifaa kwa 240 upate ampea. Birika la wati 2000 linachukua ampea 8.3. Kipasha maji cha wati 1200, ampea 5. Chaja kubwa ya betri, inayotoa ampea 50 kwa voliti 12, inavuta gatini kama ampea 3 na nusu. Friza tuseme ampea 1. Vikiwaka pamoja ni karibu ampea 18. Je, breka ya ampea 16 itakata? Huenda isikate. Breka za kawaida zimetengenezwa kuvumilia kiasi hicho kidogo cha ziada kwa saa nzima bila kuruka. Kwa matumizi ya saa nyingi mfululizo jizuie kwenye asilimia 80: ampea 13 kwenye plagi ya 16, na ampea 10 kwenye ile ya nyumbani kama huna jinsi nyingine. Kwa vitendo, ukitaka chai, zima kipasha maji kwanza.

Na zile kebo za kuzungushwa kwenye gurudumu, zinazopendwa sana kwa sababu hazichukui nafasi! Soma kibandiko chake. Nyingi zimeandikwa viwango viwili, kimoja ikiwa imekunjuliwa yote na kingine, kidogo mno, ikiwa imezungushwa. Kebo iliyobaki kwenye gurudumu haina pa kutolea joto, na tabaka za ndani zinaweza kuyeyukiana hali plagi iko baridi kabisa. Kunjua yote, hata kama boti iko hatua tano.

Mkono, jicho na pua

Kwa kuwa breka haioni, anayebaki kuona ni wewe. Nusu saa baada ya kuchomeka na kuwasha vyombo, mkono wako ukiwa mkavu, gusa kasha la plagi kwa mgongo wa kiganja, upande wa gati na upande wa boti. Upande wa boti ndio unaosahauliwa, na mara nyingi ndio unaorushiwa maji zaidi. Joto kidogo si tatizo. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo kwa raha, zima stima. Linganisha pia: plagi ikiwa na joto kuliko kebo yake, kiungo kina ugonjwa, kebo yote ikiwa na joto, mzigo ni mkubwa au waya ni mwembamba. Rudia ukaguzi wa mkono kila unapoongeza kifaa kipya.

Kila mwezi, stima ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa pande zote, itazame kwa tochi. Pini inayong'aa sawasawa ni nzima. Rangi ya kahawia au bluu kwenye chuma, weupe wa chumvi, ukijani, plastiki iliyobadilika rangi au kuvimba kuzunguka tundu moja, hizo zote ni dalili. Chomeka uone kama inaingia kwa ulaini kupita kiasi, maana soketi nzima inapaswa kuikamata pini.

Kuhusu pua kuna jambo la kuchekesha kidogo lakini ni kweli. Baadhi ya plastiki za plagi na soketi zikipata joto kali hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Nyumbani mtu atashtuka. Kwenye boti ya uvuvi nani atashtuka? Ukisikia harufu ya samaki karibu na soketi siku ambayo hamkuvua, gusa plagi.

Chumvi isiyo na dalili za kuungua inaweza kusafishwa, stima ikiwa imezimwa, kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Grisi maalumu ya silikoni ya vifaa vya umeme, ikipakwa nyembamba sana, inasaidia kuzuia unyevu. Grisi ya injini haifai. Pini iliyoungua usiisugue kwa msasa ukaona umemaliza kazi, kwa sababu unaondoa ule mpako unaoilinda na kibano kilichokwisha kulegea hakirudi. Badilisha plagi, na badilisha soketi iliyokuwa inaichukua, vyote viwili kwa siku moja. Plagi mpya ndani ya soketi iliyoungua itaungua vilevile. Wenye boti wengi husita hapo kwa sababu soketi ya gatini si yao, na wenye magati nao husema plagi si yao. Mkae pamoja mgawane gharama, ni ndogo.

Mtaalamu wa kazi hiyo awe na leseni ya EPRA, na una haki ya kuomba kuiona kabla hajafungua kasha. Vifaa unavyonunua viwe na alama ya ubora ya KEBS. Kuna plagi za buluu za bei ya chini ambazo pini zake ni nyepesi ajabu mkononi, na hizo tunashauri muziache dukani.

Mpangilio wa kuchomeka

Zima breka ya gati. Zima vyombo vyote ndani ya boti. Chomeka upande wa boti kwanza, halafu upande wa gati, kaza pete zote mbili, washa breka ya gati, kisha washa vyombo kimoja kimoja. Ukiondoka, kinyume chake: zima vyombo, zima breka, chomoa upande wa gati kwanza. Ukianza na upande wa boti wakati gati lina stima, umeshika mkononi kebo iliyo hai juu ya maji. Na ukichomoa vyombo vikiwa vinafanya kazi, ile cheche unayoiona inakula chuma cha pini. Kidoa hicho kilicholiwa ndipo joto litakapoanzia mwezi ujao.

Kwa boti inayofungwa msimu wote wa kusi, swali la kwanza ni kama inahitaji stima kila siku. Wengi wanaona inatosha kuchaji betri mchana mmoja kwa wiki mtu akiwepo, au kuweka paneli ndogo ya sola ya kuendesha pampu. Friza inaweza kumwagwa na kuzimwa. Kama lazima stima ibaki, acha chaja peke yake, na mlinzi afundishwe kugusa plagi kila jioni anapopita. Mpe ruhusa kamili ya kuzima bila kukupigia simu kwanza.

Ukikuta plagi inatoa moshi, usiivute kwa mkono. Zima breka ya gati, au swichi kuu kama breka imo ndani ya moshi. Usimwage maji ya bahari juu ya stima iliyo hai, kwani yanapitisha umeme vizuri mno. Kizima moto cha unga mkavu au cha kaboni dioksidi ndicho cha kutumia, na kiwekwe mahali unapoweza kukifikia bila kupita kwenye moto wenyewe. Waondoe watu kwenye boti, wasogeze mitungi ya gesi na mapipa ya petroli ikiwa inawezekana bila hatari, na piga 999 au 112.

Baada ya kupoa, usiitupe plagi iliyoungua. Mpelekee fundi pamoja na soketi yake. Ikiwa pini moja tu imeungua na nyingine ni nzima, atatafuta skrubu iliyolegea au kibano kilichochoka upande huo. Ikiwa zote mbili zinazobeba mzigo zimeungua sawasawa, atakuuliza ulikuwa umewasha nini usiku huo.